Mlango Waliotaka Kuuziba

Siku mwashi alipokuja kuziba mlango wangu nilikuwa na mtoto mgongoni na sufuria ya uji mkononi, nikamtukana. Nilimtukana kwa Kihehe, lugha ya kwetu Iringa, na kwa kuwa yeye ni mtu wa huku milima ya Mbeya alidhani namsalimia. Akaitikia, "Ndaga, mama," kisha akaendelea kukoroga udongo wake.

"Nini hiki?" nikamuuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Tunaziba. Nyumba inarudishwa kama ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa lini?"

"Zamani."

"Na mimi nitapita wapi?"

Akanitazama, akautazama ule mlango mfupi wa ubavuni, akatazama matofali aliyokuwa ameyapanga. "Mama, mimi nimetumwa matofali. Sikutumwa maswali."

Nikaweka sufuria chini, nikakaa juu ya kizingiti, nikamfungua mtoto, nikamnyonyesha. Hakuna mwanamume wa huku atakayejenga ukuta mbele ya mama anayenyonyesha. Alisubiri. Akafuta mwiko wake, akasubiri tena, mwisho akaenda zake migombani kuvuta kiko. Mtoto alikuwa ameshiba zamani na kulala. Mimi nilibaki pale pale, matako yakipata baridi ya jiwe, nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha ule uji upya.

Lakini niieleze kwanza nyumba yenyewe, maana ni nyumba nzuri, na sitaki mtu adhani naizungumza kwa ubaya. Aliijenga babu wa mume wangu. Alipokuwa kijana alivuka mto Songwe akafanya kazi kwa wamisionari wa Kiskochi, wakati ule Waingereza walipokuwa bado wanatawaliwa na malkia wao wa zamani, yule bibi kizee wa nguo nyeusi. Alifyatua matofali yao, akachoma matofali yao, akapasua mbao zao. Jioni, wenyewe wakiwa mezani, alizunguka nyumba yao na fimbo ya mwanzi akipima kuta. Aliporudi kwao hakuleta kitambaa wala sukari. Alileta ile fimbo ya mwanzi, ina alama za kisu kutoka juu mpaka chini, na kutoka kwenye fimbo ile akatoa nyumba nzima.

Watu walikuja kutoka mbali kumcheka, wakabaki kumsaidia. Ina sebule yenye meko ya ukutani na dohani inayotoa moshi juu ya paa. Ina dirisha lililotuna kwenda nje kama tumbo la mtu aliyeshiba, vioo vyake vilibebwa vichwani kutoka ziwani vikiwa vimefungwa katika majani makavu ya migomba. Juu ya mlango wa mbele alichonga maua ambayo hayaoti huku, maana aliyanakili kutoka kitambaa cha meza cha mke wa mmisionari. Matofali yamekaa sawasawa hata ukipitisha kidole huoni pa kukwama. Mimi nimesoma mpaka sekondari, nimeona majengo ya serikali pale Iringa na Mbeya mjini, na nasema sijaona ukuta ulionyooka kama ule.

Kasoro yake ilikuwa moja. Alinakili nyumba ya Wazungu, na nyumba ya Wazungu ina ujia mmoja tu katikati, kutoka mlango wa mbele mpaka vyumba vya nyuma. Kila mtu anapita humo humo.

Huku haiwezekani. Huku mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani kwa macho. Haingii alipo, hapiti mbele yake, hali naye, hamtaji. Akimwona kwa mbali njiani anaingia porini mpaka mzee apite. Kwetu Iringa nako kuna heshima ya wakwe, lakini baba mkwe anasalimiwa, "Kamwene," na maisha yanaendelea. Nilipoolewa huku, nyanya wa mume wangu, mjane wa yule mjenzi, alinishika mkono siku ya kwanza, akaniambia: "Ukisikia kikohozi, mjukuu, wewe huna miguu ya kusimama. Una miguu ya kukimbia tu."

Kikohozi kilikuwa cha baba mkwe. Hakuwa mgonjwa. Alikohoa kunionya kwamba anakuja. Nami nikakimbia. Nilikimbia na mimba, nikakimbia na ndoo, nikakimbia na mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza amelala. Mume wangu ni karani Mbeya mjini, anakuja nyumbani Jumamosi, na kila Jumamosi nilimsomea mashtaka.

"Mimi nilisoma hesabu za pembe tatu," nilimwambia, "na baba yako ananifukuza kama kuku."

"Hakufukuzi. Anakuheshimu."

"Basi mwambie apunguze heshima."

Kilichoniokoa ni mlango wa ubavuni. Ni mfupi, unainama ukiingia, na ndani yake kuna ujia mwembamba unaopita nyuma ya ukuta wa sebule mpaka chumba cha nyuma, ambako wake tunapika, tunalala, tunaogesha watoto. Kwa mlango ule naweza kuishi nyumba moja na mzee na tusionane mwaka mzima. Sikujua ulitoka wapi. Niliona tu kwamba haufanani na nyumba. Matofali ya pembeni yake yamevunjikavunjika, yametoka nje kama meno ya mzee, hakuna aliyeyasawazisha wala kuyapaka udongo. Nilidhani fundi mlevi.

Mwaka huo akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, Mzungu mwenye kazi ya kutunza vitu vya kale. Alikuwa amesikia habari za nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma iliyojengwa na mwenyeji katika milima hii. Alizunguka nyumba ile kofia mkononi. Aligusa kuta. Alipiga magoti mbele ya meko. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na alisema mbele ya wazee wote kwamba mtu aliyejenga nyumba hii angejenga popote duniani. Kusema kweli nilimpenda kwa maneno yale. Akaomba nyumba iwe ya makumbusho, familia ihamie kwenye nyumba mpya ya bati iliyokuwa inajengwa juu kidogo ya mteremko, na hii ya chini itunzwe ilivyo.

"Nyumba ya makumbusho ni nini?" aliuliza bibi, yule mjane wa mjenzi.

"Ni nyumba ya kuwakumbusha watu, bibi."

"Mimi sijasahau."

Wazee wakacheka, wakakubali. Bibi naye akakubali, kwa sharti kwamba yeye hahami. Alizaa humo, atafia humo, na kama wageni watapenda kumtazama pamoja na kinanda na saa iliyosimama vilivyoko sebuleni, watazame.

Sasa, siku hiyo hiyo, ndipo kosa lilipofanyika. Baba mkwe alikuwa anamzungusha mgeni. Mimi nilikuwa natoka na sinia la chai nimpe bibi awapelekee. Wakakata kona ghafla ubavuni mwa nyumba, na mzee, kwa kuwa alikuwa anaongea na mgeni, alichelewa kukohoa. Kikohozi na uso vilifika pamoja. Nilitupa sinia, nikajifunika kanga kichwani, nikaingia kwenye mlango wangu kama panya. Vikombe vilivunjika vyote.

"Mwambieni asiogope," nilimsikia mgeni akisema nje. "Mimi si simba."

Alidhani nimemkimbia yeye! Na baba mkwe angeweza kumweleza. Angesema: huyu ni mke wa mwanangu, hanioni wala simwoni, ndiyo desturi yetu. Lakini aliona haya. Huku tunajua Wazungu wanavyosikiliza desturi zetu, na kichwa wamekiinamisha upande na tabasamu dogo. Mgeni akauliza, "Na mlango huu ni wa nini?"

Mzee akasema, "Wa kuni."

Niko ndani, mgongo ukutani, nasikia. Wa kuni. Mgeni akayagusa yale matofali yaliyovunjika, akasikitika. Akasema ni wazi mlango huu si kazi ya mjenzi yule. Umetobolewa baadaye na mtu asiyejua uashi, umeiharibu nyumba. Utazibwa, na nyumba itarudi kuwa kama alivyoiacha mwenyewe.

Mzee akamwongoza kurudi mbele. Ndivyo mwashi alivyokuja na matofali yake.

Bibi alinikuta nimekaa kizingitini. Alikuwa na kisu na mkungu wa ndizi. Akakaa karibu nami, akaanza kumenya, na mimi nikaanza kulalamika: kwamba hata tukihamia juu, yeye bibi atabaki humu, na nani atamletea chakula, na kwa njia ipi, ikiwa mzee ndiye atakayekaa sebuleni kupokea wageni? Nitapitia dirishani?

"Unajua nani alitoboa hapa?" akaniuliza.

"Fundi mlevi."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Fundi hakunywa hata togwa iliyochacha. Ni mume wangu."

Akaniambia yote huku ndizi zikiingia kwenye maji moja moja. Nyumba ilipokwisha, mumewe aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akitoka nje asubuhi kuitazama tu. Mwanawe, huyu baba mkwe wangu, alipooa, mkewe hakuweza kuingia, maana mjenzi, baba mkwe wake, alikuwa ndani na ujia ni mmoja. Walimjengea kibanda cha mianzi migombani. Yule mke alikuwa mama mkwe wangu, nami sikumkuta, alikufa kabla sijaolewa. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimjia katikati ya masika, mvua ya huku ambayo hainyeshi, inamwagwa. Kibanda kikabomoka. Chumba cha nyuma kilikuwa na moto, kikavu, na mjenzi alikuwa kitandani na homa, chumba cha mbele, mlango wake unatazama ujia. Wakamwita mke apite haraka, akakataa. Aliona bora mvua kuliko aibu. Alijifungua chini ya migomba, wanawake wakimshikia ngozi ya ng'ombe juu. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakumaliza hata masika ile.

"Siku tuliyomzika," bibi akasema, "mume wangu aliamka na homa yake, akachukua mtaimbo. Nilidhani amechanganyikiwa. Alipiga ukuta wake mwenyewe. Ukuta ule! Aliupiga mpaka mikono ikatoka damu. Akajenga ujia huu. Nikamwambia sasa sawazisha pembe, upake udongo, pavutie. Akasema hapana. Alisema pakivutia watu watadhani alipanga hivyo tangu mwanzo."

Nikageuka kuyatazama yale meno ya matofali. Nilikuwa nimeyapita kila siku. Mtu aliyechonga maua juu ya mlango, mtu ambaye kidole hakikwami kwenye ukuta wake, alivunja kazi yake ili msichana mmoja apate pa kuingilia, akaacha jeraha wazi. Mume wangu alizaliwa baadaye, kwenye chumba cha nyuma, penye moto. Na huyu mgeni anasema ni kazi ya asiyejua uashi.

"Kwa nini humwambii mgeni?" nikauliza.

"Mwenye msiba ni mwanangu. Tangu siku ile hajamtaja mtoto yule mdomoni. Mimi nitamtajia mbele ya Mzungu?"

"Basi wataziba."

"Basi wataziba," akasema, akaendelea kumenya. Lakini kisu kilikuwa kinakata ndizi zenyewe.

Kesho yake mgeni alirudi kuagana, wazee wakakaa sebuleni. Mimi nilikuwa kwenye ujia wangu, tofali moja tu kati yangu na wao, nasikia mpaka mtu akimeza chai. Kwenda mbele yao sikuweza. Kumsemesha baba mkwe sikuweza. Nimesoma Kiingereza, Jiografia na hesabu za pembe tatu, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa na desturi ambayo hata si ya kwetu. Mtoto akaanza kulia. Nikamtazama. Nikaona hapa kuna mtu ambaye naruhusiwa kusema naye.

"Mwanangu," nikasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, "nyamaza unisikilize. Unaona mlango huu? Wanasema ni wa kuni. Basi mimi na wewe ni kuni."

Kule ndani vikombe vikatulia.

"Na nyanya yako, mke wa babu yako, alipita hapa mpaka alipokufa. Naye alikuwa kuni? Na baba yako alizaliwa chumba hicho cha nyuma kwa sababu mlango huu upo. Tumwambieje Jumamosi akija? Kwamba ni mtoto wa kuni?"

"Nani huyo anayepiga kelele?" akauliza mzee mmoja.

"Mkamwana," mwingine akajibu. "Mnyamazisheni."

Nikasikia kiti cha bibi kikilia. "Anaongea na mtoto wake," akasema. "Mmeweka sheria mama asiongee na mtoto?"

"Anasema nini kuhusu kuni?" aliuliza mgeni.

Sikuongeza. Habari ya masika ile haikuwa yangu kuisema, hata kwa hasira. Nilikuwa nimefika mwisho wa njia yangu.

Ndipo mzee akakohoa.

Miguu yangu ilisimama yenyewe, nusura nimwangushe mtoto. Lakini sikukimbia. Ukuta ulikuwepo. Nikamsikia akivuta pumzi upande wa pili, karibu kabisa, kumbe alikuwa amesogea.

"Mjukuu wangu," akasema, "mwambie mama yako sauti yake imefika."

Kisha akageuka kwa mgeni. Alisema Kiswahili polepole, kama mtu anayeshuka mteremko wenye matope. Alisema mlango si wa kuni, aliona haya kusema. Alieleza kwa nini nilitupa sinia. Alisema ujia huu ulijengwa na baba yake, na matofali yalivunjwa na baba yake, mtu yule yule aliyechonga maua ya mbele. Halafu akamtaja mtoto yule wa masika. Alimtaja kwa jina. Sikuwa nimewahi kulisikia, na nilisikia bibi naye akivuta hewa ghafla, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

Bibi aliniambia baadaye kwamba mgeni hakuinamisha kichwa upande. Aliomba ruhusa ya kuuona tena mlango. Nikahamia chumba cha nyuma haraka. Ni mrefu yule bwana, akagonga kichwa juu ya kizingiti, akasema neno la Kiingereza ambalo shuleni hatukufundishwa lakini tulilijua. Alikaa mle ujiani na mkono kwenye matofali yaliyovunjika. Alipotoka alimwita mwashi, akamwambia abebe vitu vyake, na mtu yeyote asisawazishe hata tofali moja la pale.

"Nimetumwa kuziba, natumwa kutoziba," mwashi alinung'unika akipita. "Nyumba hii haina shukrani."

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa ya makumbusho. Tulihamia juu. Bibi alibaki chini, analalamika kwamba wageni wanamtazama kuliko kinanda, na anavaa kitambaa kipya wakija. Lakini siku ya kufungua, mgeni aliuliza nani atawaonyesha watu nyumba, na wazee wakamtaja baba mkwe. Yeye akasema atawaonyesha ya mbele: sebule, dirisha lililotuna, maua, fimbo ya mwanzi iliyotundikwa ukutani. Ya nyuma, akasema, kuna mwenyewe.

Mwenyewe ni mimi. Desturi yao siipendi mpaka leo. Nimemwambia mume wangu kwamba binti huyu tuliyemzaa, akiolewa, atamsalimia baba mkwe wake kwa mdomo wake, na atakayekohoa akakohoe hospitali. Mume wangu anacheka, akijua sicheki. Lakini zinapofika siku za wageni nashuka mteremko, naingia kwa mlango wangu, nainama, nakaa ujiani kusubiri. Namsikia upande wa pili akieleza jinsi vioo vilivyobebwa vichwani, na kila mara anaongeza jambo ambalo sikulijua. Ni msimulizi mzuri kuliko nilivyodhani. Akimaliza anawatoa wageni nje, anawaleta ubavuni mwa nyumba mpaka penye kona, anasimama pale, hapiti.

Anakohoa. Nami nasema, "Karibuni, inameni kichwa," na wanaingia mmoja mmoja. Mtoto wangu, ambaye sasa anatembea, ndiye peke yake anayepita pande zote. Anawafuata wageni kutoka kwa babu yake mpaka kwangu, ameshika kipande cha mkate alichopewa kule mbele.